Kofia ya Mafuta

Mwezi uliopita, nje ya mochari kule Homa Bay, nilitiwa kofia mkononi kabla sijasalimiana na watu vizuri. Aliyenitia ni mpwa wa marehemu Ouma, mtu mwenye haraka za kamati. "Mama, wewe unajua hesabu. Zungusha, tupate mafuta ya kufika Magunga." Sikumwambia kwamba kofia kama hiyo, mahali pale pale, ilishanipeleka kortini. Ouma mwenyewe alikuwa ndani akivalishwa suti ya kijivu. Najua angeamka kwa dakika moja angeuliza nani anaendesha, na breki zimeangaliwa lini. Alikuwa dereva wa namna hiyo. Nilisimama na kofia tupu, magoti yakilalamika, nikaukumbuka mwaka ule wa pikapu, nilipokuwa na miaka ishirini na minne na nikiamini kila kitu duniani kina bei mbili: ile unayotajiwa na ile utakayolipa.

Nilikuwa nikikaa Migori, chumba kimoja nyuma ya kinu cha posho. Ukuta ulitetemeka asubuhi mpaka jioni, na unga mwembamba ulitua juu ya kila kitu, hata juu ya chai, kwa hiyo mwaka ule wote nilikunywa chai nzito kidogo kuliko watu wengine, bila malipo ya ziada. Nilinunua maharage na karanga kwa watu wa mpakani, nikavipeleka Homa Bay, nikarudi na omena, dagaa wa ziwani. Pikapu ilikuwa imeshapita kwa wenyewe wawili kabla yangu, na kila mmoja alikuwa ameacha ugonjwa wake ndani. Hata hivyo niliikatia bima ile kubwa, ambayo hailipi tu mtu uliyemgonga, inalipia na gari lako likiumia. Nilibishana na ajenti wa bima siku mbili mpaka akapunguza, nikatoka pale nikitembea kama mtu aliyeshinda. Karatasi nilizisoma. Nilifika mahali paliposema gari ni la kubeba bidhaa za mwenyewe, si abiria wa kulipa, nikaona hapo hakuna neno. Mimi na abiria wapi na wapi? Omena hailipi nauli.

Ouma ndiye aliyeniendeshea. Alikuwa wa Magunga, miaka arobaini hivi, shemasi katika kanisa dogo la Kisabato ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelipigilia mabati. Aliniita Nyar Migori, binti wa Migori, ingawa alijua sikuzaliwa huko. Mimi nilimwita Baba Achieng', jina la kifungua mimba wake. Hakuwa na maneno mengi. Nikimhimiza aongeze mwendo soko lisitupite, alikuwa akijibu, "Soko litakuwepo. Wewe je?" Mara mbili nilifikiria kumfukuza kwa jibu hilo, na mara mbili nilipiga hesabu ya gharama ya kumtafuta mwingine, nikanyamaza.

Mwezi wa mvua alikufa jirani yake, aliyekuwa amelazwa Homa Bay. Wenyewe wakaomba pikapu imfikishe nyumbani. Kwetu hilo si jambo la kutoa bei, hata kwangu mimi. Gari linatolewa, na watu wanazungusha kofia ya mafuta pale kwenye geti la mochari. Anayeweza anatia, asiyeweza anapanda. Siku ile Ouma ndiye aliyeishika kofia, kwa sababu ilikuwa yake na kwa sababu kila mtu alimwamini, halafu akaniletea mimi nihesabu kwenye kituo cha petroli. Nilihesabu mara mbili. Haikufika hata nusu ya safari. Nikaongeza zangu, nikinung'unika kwa sauti ya kutosha kusikika. Jeneza liliwekwa katikati, waombolezaji wakakaa pembeni wakilishikilia, mimi na mjane tukakaa mbele.

Tulipokuwa kando ya mbuga ya Ruma, ng'ombe walivuka barabara kama wamelipia. Ouma aliwakwepa wote. Kalivati ndiyo hakuiona, maana maji yalikuwa yameila upande mmoja, na pikapu ililala ubavu ndani ya mtaro polepole, kama mzee anayejilaza kitandani. Nilitoka kupitia dirisha nikaanza kuhesabu watu. Tulikuwa tumetoka Homa Bay kumi na wawili, kumi na mmoja wazima na mmoja amekufa. Nikahesabu tena: kumi na mmoja wazima, mmoja amekufa. Nilishukuru Mungu kwa hesabu ambayo haikubadilika. Dani Peres, yaani bibi Peres, mama mdogo wa marehemu, alikuwa amevunjika mkono, na wengine wawili watatu walikuwa na majeraha. Lori la mchanga likalibeba jeneza, na marehemu akazikwa jioni ile ile. Katika sisi wote ni yeye tu aliyefika alikokuwa akienda.

Wodi ya Homa Bay siku ya pili ilikuwa imejaa watu wa Magunga kiasi kwamba wauguzi walikuwa wakipita ubavu. Mimi nilikuwa nimeleta uji kwenye chupa kubwa. Ndipo alipoingia mpelelezi wa bima, kijana mnene mwenye adabu, kalamu tatu mfukoni, ambaye baadaye tulimwita Bwana Kalamu. Alipita kitanda kwa kitanda, akitoa pole kwanza, akiuliza baadaye. Alianza na mzee mmoja aliyefungwa bendeji kichwani. "Mzee, katika safari hii ulitoa kitu?"

"Mia moja," alisema mzee.

Wa kitanda cha pili, shemeji wa marehemu, alijiinua kwa kiwiko. "Mimi mia mbili."

"Mia mbili gani?" mke wake aliuliza. "Si ulisema huna hata ya chumvi?"

"Nilitoa ukiwa chooni, mama. Nyamaza."

Kutoka hapo bei ilipanda. Nimekaa sokoni maisha yangu yote, lakini ile ilikuwa mara ya kwanza kuona abiria wanajipandishia nauli wenyewe. Kila aliyeulizwa alimwangalia jirani kwanza, halafu akaongeza. Nani angekubali kusikika, mbele ya nusu ya kijiji, kwamba alimsindikiza maiti mikono mitupu? Bwana Kalamu alipofika kwa Dani Peres, mama huyo mwembamba, mkono umefungwa plasta, alisema kwa sauti iliyofika mpaka wodi ya jirani, "Andika mia tano. Huyo alikuwa mtoto wa dada yangu. Nitoe mia mbili kama jirani?" Kisha akaweka kidole gumba kwenye wino, na kwenye karatasi. Nilikaa na chupa yangu ya uji nikijumlisha kichwani. Kama yote yaliyosemwa mle ndani yangekuwa kweli, kofia ya Ouma ingepasuka.

Barua ya bima ilikuja baada ya wiki chache. Haikuwa ndefu. Ilisema pikapu ilikuwa ikibeba abiria kwa malipo, kinyume cha masharti, na kwamba abiria walikuwa kumi na wawili kwa jumla, waliokiri kwa vinywa vyao. Kumi na wawili. Niliisoma mara mbili. Walikuwa wamenihesabu mimi mwenye gari, wakamhesabu Ouma kwenye usukani, na ndipo nikaelewa kwamba hesabu yao haifiki kumi na wawili mpaka umtie na marehemu. Ouma nilipomsomea hakucheka. Aliuliza kitu kimoja tu: "Wameandika jina langu?" Walikuwa wameandika. Dereva, akifahamu, alikusanya nauli.

Kwangu mimi lile lilikuwa jambo la gari. Pikapu ilikuwa imekokotwa mpaka yadi moja ya magari mabovu, na kila siku iliyokaa pale ilikuwa ikila mtaji wangu. Lakini kufika Magunga, maneno ya barua yalikuwa yamevaa nguo nyingine: Ouma aliuza viti juu ya jeneza la jirani yake. Aliyeyasema ni yule yule shemeji wa mia mbili. Kanisani walimwambia Ouma kwa upole apumzike kubeba sahani ya sadaka mpaka maneno yaishe. Upole huo ulimuumiza kuliko tusi. Alihama benchi la mbele akakaa la nyuma, karibu na mlango, na mtoto wake Achieng' akawa anaulizwa shuleni kama baba yake bado anauza nafasi kwa wafu, na ya dirishani ni ngapi.

Wakili tuliyempata alikuwa na ofisi juu ya duka la dawa za mifugo pale Migori. Chumba kilinuka dawa ya kupe, na alikula mandazi juu ya mafaili ya watu. Alikuwa mchanga na mwenye bei ya kuzungumzika, sifa mbili ambazo huenda pamoja. Alitueleza jambo hilo kwa lugha ya kueleweka: kama mtu asiyetoa angeachwa, basi ile ni nauli na bima imeshinda. Kama mtu asiyetoa alibebwa sawa na aliyetoa, basi ni mchango wa msiba, na bima italipa. "Nipeni mtu mmoja tu aliyebebwa bila kutoa," alisema. "Mmoja. Asimame aseme."

Nilimgeukia Ouma. "Baba Achieng', kofia uliishika wewe. Nani hakutia?"

"Sikuangalia."

"Hukuangalia vipi, na kofia ilikuwa mkononi mwako?"

"Nyar Migori, anayezungusha kofia haangalii mikono ya watu." Akashuka ngazi kwenda kusimama nje.

Maneno hayo hayo aliyarudia kortini Homa Bay kesi ilipoanza kusikilizwa. Wakili wa bima, mtu mrefu mwenye sauti tamu ya redio, alimzungusha asubuhi nzima. Nani alitoa? Sikuangalia. Nani hakutoa? Sikuangalia. Basi utajuaje kwamba si nauli? Ouma akamtazama hakimu, mama wa miwani aliyekuwa akiandika kila neno kwa mkono, akasema, "Mheshimiwa, mimi najua nilichokuwa nikifanya." Hilo si ushahidi. Mimi nilipopanda kizimbani nikaeleza hesabu yangu ya kituo cha petroli, hakimu aliniangalia kama mnunuzi anavyomwangalia muuzaji anayesifu samaki wake. Kesi ikaahirishwa. Ikaahirishwa tena. Siku moja faili halikuonekana, siku nyingine wakili wao alikuwa mgonjwa, siku nyingine wetu. Nililijua benchi la ukumbi ule, ufa wake uko wapi, jua linafika saa ngapi. Ukichoka na korti, unachoka hata na haki yako. Unatamani mtu akuambie tu umeshindwa, urudi nyumbani ukalale.

Katikati ya kuahirishwa huko nilienda Magunga mwenyewe, kutafuta huyo mtu mmoja. Nilienda na sukari, kilo moja moja, kwa sababu sijawahi kuingia kwenye maongezi mkono mtupu. Sukari ilipokelewa kila boma. Ushahidi haukutolewa popote. Shemeji wa marehemu aliniambia, "Dada, unataka nipande gari mpaka Homa Bay, nivae shati safi, ili niseme mbele ya serikali kwamba sikuchanga?" Nilimjibu kwamba nauli ya kwenda ningemlipia. Alicheka mpaka akakohoa. Kwa Dani Peres nilifika mwisho. Alinipikia kwa mkono mmoja, akikataa msaada: ugali wa mtama, omena wa kukaanga na nyanya, mboga chungu ambayo alinitazama mpaka nikaimaliza. Sikumuuliza kitu. Nilikuwa nimechoka kuuliza. Nilieleza tu habari za Ouma, benchi la nyuma, na swali la dirishani. Yeye akaanza kukusanya sahani. Nikiwa nje nanawa mikono, nilimsikia mkaza mwana wake jikoni akinong'ona kwa ukali, "Uliwaambia mia tano, mama, kijiji kizima kikasikia. Ukirudi kusema vingine, sisi tutaficha uso wapi? Utakufa, na sisi tutabaki hapa na hilo jina." Nikasikia sufuria ikiwekwa chini. Basi.

Siku ya mwisho ya ushahidi, Bwana Kalamu alinijia ukumbini na chai mbili, moja akanipa. Alikuwa na karatasi. Kampuni ingelipa nusu, wiki ile ile, bila kesi kuendelea. Sharti moja: nikubali kwa maandishi kwamba wale walikuwa abiria wa kulipa, na kwamba dereva ndiye aliyekusanya bila ruhusa yangu. Niliipiga hesabu ile nusu, nikaipiga tena. Haikuwa mbaya. Nimeona mabaya zaidi yakiitwa bahati. Nikampelekea Ouma karatasi, naye akaisoma akifuatisha kwa kidole.

"Gari ni lako," alisema. "Saini. Siwezi kukuambia usisaini."

"Na wewe?"

"Mimi nitarudi benchi la nyuma. Tofauti ni kwamba leo nafasi iliyouzwa ni yangu."

Sikusaini, na sikukataa. Mfanyabiashara hakatai, anasema anazunguka kidogo, atarudi. Nilimwambia Bwana Kalamu tungeongea baada ya chakula cha mchana, nami nikiomba kimoyomoyo kitu chochote kitokee kinitoe kwenye ile kazi ya kuamua. Kilichotokea kilishuka kwenye boda boda mbele ya geti la korti, kimevaa gauni jeupe la kanisa, kikiwa na kitambaa kichwani na vumbi mpaka kwenye nyusi. Nyuma yake, kwenye boda boda ya pili, mkaza mwana alikuwa amenuna kama aliyefungwa kamba.

Dani Peres alipanda kizimbani akashika ukingo kwa mkono uliopona vibaya. Wakili wetu alimuuliza machache. Kisha wakili wa bima akainuka na karatasi ya hospitali. "Mama, hiki ni kidole chako?"

"Ni changu."

"Hapa unasema ulitoa mia tano."

"Ndivyo nilivyosema."

"Na leo unasema nini? Ulitoa ngapi?"

Aliyaangalia mabenchi. Watu wa Magunga walikuwepo, kwa kuwa kesi ya jirani haikosi watu. "Sikutoa. Sikuwa nayo. Kofia ilipofika kwangu nilifumba ngumi, nikaitia ndani, nikaifumbua humo, nikautoa mkono. Hakuna kilichoanguka."

"Kwa hiyo ulimdanganya mpelelezi."

"Mwanangu, aliniuliza watu wa kwetu wote wakisikiliza. Wewe ungesemaje?"

Korti ilicheka. Hakimu hakucheka, alikuwa akiandika. Aliinua kalamu akauliza mwenyewe: "Mama, dereva alijua hukutia kitu?"

"Aliona. Kofia ilikuwa mkononi mwake, mheshimiwa. Aliangalia ndani, akaniangalia mimi, akasema, 'Asante, dani. Panda.' Akanishika kiwiko nikapanda."

Nilimgeukia Ouma kwenye benchi. Alikuwa ameinamisha kichwa, masikio yamemwiva kama mtu aliyekamatwa na kosa. Miezi yote ile. Ngazi za wakili, kizimba, benchi la nyuma, mtoto kudhihakiwa shuleni, na jibu lilikuwa kinywani mwake tangu siku ya kwanza. Nilitaka kumpiga na kiatu.

Hukumu ilisomwa wiki kadhaa baadaye. Hakimu alisema asiyetoa kitu alipandishwa kwa shukrani, na hakujua biashara ya abiria inayoendeshwa namna hiyo. Bima ilipe. Bwana Kalamu alinipa mkono kwa adabu ile ile ya wodini. Malipo yalikuja baada ya kusukumana kwingine ambako sina nguvu ya kukusimulia, na nilipokwenda yadini kuiona pikapu yangu, redieta haikuwepo, viti havikuwepo, na kuku alikuwa ametaga mahali palipokuwa na betri. Nilikuwa nimeshinda kesi ya gari ambalo halikuwepo tena. Zilizobaki baada ya wakili na yadi hazikununua pikapu nyingine, na kwa miaka mingi nilirudi kupakia omena wangu kwenye malori ya watu. Mpaka leo, nikiwa na mvi, nikiipiga hesabu ile, nusu ya Bwana Kalamu ukumbini ilikuwa biashara nzuri zaidi. Nimeipiga mara nyingi. Jibu ni lile lile.

Ouma alirudishiwa sahani ya sadaka. Mimi si Msabato, lakini Jumamosi ile nilikwenda, nikakaa karibu na mlango. Alipita benchi kwa benchi na sahani yake, macho ameyainua juu ya vichwa vya watu, ukutani, kwenye mabati aliyoyapigilia mwenyewe. Dani Peres alikuwa mbele. Niliona mkono wake ukinyooka. Kilichotoka humo sikukijua, na ninaamini Ouma hakukijua pia. Nilimuuliza mara moja tu, tukila samaki, kwa nini hakusema. Alitoa mfupa mdomoni kwanza. "Ningesema, angekuwa amebebwa bure," alisema. "Sasa amejisemea. Hiyo ni tofauti."

Basi mwezi uliopita nilizungusha kofia ya Ouma pale getini. Watu walitia, noti zimekunjwa ndogo ndogo kama ilivyo adabu, sarafu zikilia chini. Ouma alikuwa haangalii mikono. Mimi huangalia, sijui kuishi vingine. Karibu na mwisho wa mstari alisimama mama mmoja ambaye simjui, viatu vya plastiki, lesso imefifia, macho mekundu ya kulia kweli. Alitia ngumi iliyofumbwa ndani kabisa ya kofia, chini ya noti za wenzake, akaikalisha humo kwa muda unaotakiwa, kisha akautoa mkono ukiwa wazi. Nilisikiliza. Hakuna kilichoanguka. Mpwa wa Ouma alikuwa nyuma yangu, akinyoosha shingo. "Mama, huyo ametoa?"

Niliifunika kofia kwa kiganja. "Asante, mama," nilimwambia yule mama, nikamshika kiwiko. "Panda."